Breki ya Upande wa Abiria

Gari la kaka yangu lina breki mbili. Moja iko kwa dereva kama gari lolote, nyingine iko upande wa abiria, chini ya mguu wa kaka, maana kaka ni mwalimu wa udereva. Mwanafunzi anashika usukani na kujiona ameshakuwa mtu, kaka amekaa pembeni na mikono ameikunja kifuani, na akiona kitu kimemtisha anakanyaga. Gari linasimama ghafla, mwanafunzi nusura abusu kioo, na kaka anasema kwa upole kabisa, "Umeona? Hapo tungekufa." Ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hata akiwa kwenye kochi anatazama mpira, mguu wake unakanyaga zulia mchezaji akikosea.

Naanza na breki hiyo kwa sababu nina hasira, na nisipoanzia hapo nitaanzia kwenye matusi.

Habari yenyewe ni ya wifi yangu, mke wa kaka huyo huyo. Wifi ni mshonaji, lakini usimpelekee gauni. Anashona viti: viti vya magari, makochi, viti vya vinyozi, hata kile cha daktari wa meno ambacho watu wamekikwaruza kwa kucha. Karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta, ndani ya mabati, inanuka gundi na sponji mpya. Cherehani yake inatoboa ngozi mbili kwa mpigo. Vidole vyake ni vigumu, na kwangu saluni akija kusukwa hapigi kelele hata nikimvuta vipi. Nimesuka vichwa vingi mjini hapa, na vichwa vya watu wasiolia navihesabu kwa vidole.

Kule nje ya mji kuna klabu ya ndege ndogo. Siku moja walimwita akavishe upya viti vya ndege yao moja ya watu wanne, maana vilikuwa vimechanika mpaka chuma kinawachoma watu makalio. Huwezi kupima kiti bila kukikalia, kwa hiyo akakikalia. Akiwa pale na futi yake ya kitambaa shingoni, akauliza huko juu kunaonekanaje. Mwalimu wa klabu, mzee mmoja wanayemwita Masharubu kwa sababu zinazoonekana, akamwambia funga mkanda.

Jioni hiyo alikuja saluni, akanywa chai yake mpaka chini, ndipo akafungua kinywa. "Wifi, mimi nitakiendesha kile kitu."

Nilicheka nikamuunguza mteja sikio kwa pasi ya nywele.

Basi nicheke nilivyocheka, yeye akaanza. Klabu haikumlipa fedha kwa viti vile, ilimlipa kwa masomo ya angani. Akashona viti vya ndege ya pili, vya ndege ya tatu, akashona makochi ya ukumbi wao na mapazia ambayo hakuna aliyeyaomba. Alisoma kwenye meza ya kukatia ngozi, na mvuto wa upepo juu ya bawa alinieleza kwa kutumia kitana changu. Miaka ilipita, akafaulu, akapewa leseni. Hakuwa rubani wa kubeba watu kwa nauli. Alikuwa mtu anayeshona viti wiki nzima na Jumamosi anapanda angani, anazunguka juu ya mabati yetu, anashuka, anarudi kupika.

Vinyozi wa mlango wa pili kwangu wakampa kaka jina: Abiria. Kazini anakaa kiti cha abiria, nyumbani mkewe ndiye rubani, wakaona limemkaa. Kaka akacheka nao. Lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni mtu huyu akiwa mtoto, nakijua kicheko chake kinachoishia kwenye meno. Hakuwahi kupanda ndege ile hata mara moja. "Mimi mtu wa ardhini," alikuwa akisema. Jumamosi mkewe akiwa juu, yeye alikuwa anaosha gari, na gari lile lilioshwa mpaka rangi ikaanza kuomba msamaha.

Kisha wifi akapata mtoto wa jicho.

Huku karakanani hakutambua mapema, kwa sababu uzi anauingiza kwenye sindano kwa mazoea tu. Aligundulia juu. Alasiri moja alikuwa anashuka kutua, jua likamjia usoni, na njia yote ya lami ikageuka maziwa. Hakulazimisha. Aliinua ndege, akazunguka tena akaja kwa upande usio na jua, akatua salama, akamkabidhi Masharubu funguo. "Usinipe tena mpaka nikatengenezwe," akamwambia.

Nataka hilo lieleweke. Hakuna aliyemkamata, hakuna aliyemkataza. Alijishusha mwenyewe. Nalisema kwa sababu baadaye kaka alianza kuongea kana kwamba mkewe ni mlevi aliyenyang'anywa funguo za gari.

Kwenye hospitali ya macho wakamwambia macho yote mawili yana ukungu, moja limezidi. Dawa ni upasuaji: wanatoa lenzi yako iliyochafuka, wanaweka nyingine safi, na hiyo utazikwa nayo. Wataanza na baya, likipona ndipo watafanya la pili. Siku ya kupimwa, nilikuwa na kichwa cha bibi harusi mikononi, kaka ndiye aliyempeleka. Siku ya upasuaji kaka alikuwa na wanafunzi wa mtihani barabarani, nikaenda mimi.

Wifi aliniambia baadaye ilivyokuwa. Hawakumlaza usingizi. Walimtia ganzi ya matone, wakamfunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja, na katika tundu hilo akaona taa tatu zinaelea kama unazitazama kutoka chini ya maji. Mashine ilikuwa inanung'unika. Daktari na nesi walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Mikono yake ilikuwa inataka kuinuka kushika usukani, akaikalia. Akaanza kusema moyoni yale maneno ya kutua: punguza mwendo, shusha pua, tazama mwisho wa njia. Alipofika kwenye magurudumu kugusa chini, daktari akasema tumemaliza.

Kesho yake asubuhi tulikwenda watatu kufunguliwa bandeji: wifi, mimi, na kaka aliyevaa shati la kuendea mambo makubwa. Nesi akabandua. Wifi akafumbua jicho, akajitazama viganja mbele na nyuma. Akachukua kichupa cha dawa akasoma maandishi yote mpaka yale madogo ya chini ambayo hata aliyeyaandika hajayasoma. Akamwambia nesi, "Mfuko wako umeachia uzi, hapa kwenye pembe." Nesi akainama, kweli umeachia. Tukacheka. Mimi nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

"Sasa tusomee pale," nesi akasema, akamwonyesha ubao wa herufi.

Wifi akatazama. Akakunja uso. Akasoma ile herufi kubwa ya juu, akaishia hapo. Akageukia saa ya ukutani, akageukia dirishani ambako kulikuwa na mlingoti wa simu na kunguru juu yake. "Bado kuna ukungu kidogo," akasema. "Utaisha?"

Hapo daktari akaingia. Kijana msafi, mkono wake una sifa mji mzima, na sifa hiyo ni haki yake. Akamulika jicho, akaridhika, halafu akazungumza. Hakuzungumza na mwenye jicho. Alizungumza na kaka.

"Imekaa vizuri sana, mzee. Kama tulivyopanga. Vya karibu ataviona vyote, sindano, uzi, bila miwani kabisa."

"Mlivyopanga nani na nani?" wifi akauliza.

Daktari akamtazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Akaeleza. Lenzi ile haiwezi kujivuta kama ya kuzaliwa nayo, lazima ichague: ikuonyeshe mbali, na ya karibu uvalie miwani, au ikuonyeshe karibu, na ya mbali uvalie miwani. Kwa hiyo kabla ya kupasua huwa wanauliza kazi ya mgonjwa. Siku ile ya kupima wifi alikuwa ametiwa dawa ya kupanua mboni, amekalishwa kwenye benchi la ukumbini amefumba macho, basi wakamuuliza mumewe.

"Mzee akasema unashona," daktari akamaliza. "Akasema huna kazi nyingine ya kutazama mbali."

Kaka alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye kalenda.

"Baba watoto," wifi akasema. "Hukumwambia kwamba narusha ndege?"

"Si ulikuwa umeacha."

"Niliacha lini?"

"Ulirudisha funguo."

"Nilirudisha funguo ili nije hapa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, unarusha ndege?" Hakuuliza kwa dharau, namtendea haki. Akavuta kiti, kwa mara ya kwanza akakaa akatazamana naye. "Nilipaswa kukuuliza wewe."

"Ulipaswa," nikasema mimi, maana mtu alipaswa kulisema.

Wifi akauliza kama lenzi inaweza kutolewa ikawekwa nyingine. Daktari akasema inawezekana, lakini kulifungua tena jicho ambalo limetoka kufunguliwa kuna hatari, na hata dada yake mwenyewe angemshauri asifanye. Maji yameshamwagika. Miwani itampa mbali, akasema, lakini sheria za angani yeye hazijui, kuna daktari wa marubani, akamwone huyo.

Njiani kaka aliendesha polepole mpaka magari yakatupigia honi. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyeliwa ni mshonaji.

Nyumbani nilimvalia njuga kaka. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba hata mwizi wa kuku hungoja mwenye nyumba alale, yeye ameiba mwenzake yuko macho, amefumba tu kwa amri ya nesi. Alikaa kwenye kochi, mguu wake unakanyaga zulia.

"Dada, wewe hujui," akasema mwishowe. "Kila Jumamosi nikisikia ule mngurumo naosha gari ambalo ni safi tayari. Nikisikia umenyamaza, ndiyo kabisa. Nimeogopa miaka yote hiyo. Nilitaka mke wangu arudi nyumbani akiwa mzima. Ni kosa?"

"Kuogopa si kosa. Ungemwambia unaogopa."

"Angeacha kuruka?"

"Hapana."

"Basi."

Basi, anasema. Mtu ameona mkewe hatakubali, kwa hiyo akatafuta njia ambayo haihitaji mkewe akubali. Na alikuwa anasema hivyo kwa sauti ile ile ya upole ya umeona, hapo tungekufa. Nilitaka kumrushia kikombe, ila kilikuwa cha wifi.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Jicho moja wazi, jingine bado na ukungu wake. Hakupaza sauti.

"Mimi napima viti," akamwambia. "Sijawahi kumkatia mtu ngozi bila kumwuliza anataka kukaaje. Wewe umenipima na kunikata, dunia yangu yote ukaikomesha kwenye ncha ya sindano. Na ulinishika mkono kunivusha barabara tulipotoka siku ile ya kupimwa, ukaniuliza kama nina njaa."

Akaenda karakanani, hatua chache tu kutoka pale. Tuliisikia cherehani mpaka karibu na chakula cha usiku.

Daktari wa marubani ni mama mtu mzima mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya shule. Kaka hakuja, alisema ana mwanafunzi. Mama yule alimpima wifi kwa kila kitu, kisha akamwambia habari mbili. Ya kwanza ilikuwa njema: miwani si kikwazo, marubani wengi huruka nayo, akiona vizuri nayo na akabeba ya akiba, atampitisha. Ya pili ilihusu jicho ambalo halijapasuliwa.

"Najua unataka hilo la pili liwekwe la mbali," akasema. "Ningekuwa wewe ningetaka hivyo. Lakini moja likitazama karibu na jingine mbali, hayatapatana. Unaposhuka kutua, utashindwa kujua ardhi iko umbali gani. Na miwani ya macho yasiyofanana hivyo itakupa kizunguzungu. Hapo nitashindwa kukupitisha. Ukitaka kuruka, la pili lifuate la kwanza."

Wifi akashukuru. Tulipofika kwenye ngazi za nje akakaa, akalia. Mwanamke ambaye nimemvuta nywele miaka mingi bila kusikia hata ah. Alilia kwa hasira, mikono kwenye magoti.

"Yaani niende pale," akasema, "kwa mdomo wangu, niombe kile alichonichagulia kwa wizi."

Nikamwambia asikubali. Nikamwambia aweke la mbali, amkomeshe yule, tutafute daktari mwingine wa marubani, tupige kelele, tufanye lolote. Nilikuwa nimepandisha kweli, wanafunzi waliokuwa wananunua kalamu wakatugeukia.

Akaniacha nikaishiwa pumzi. "Wifi," akasema, "unataka nishinde ugomvi au niruke?"

Nilitaka vyote viwili, na mpaka leo ninavitaka.

Siku ya kupimwa jicho la pili tulikwenda wote. Mara hii daktari alimfuata wifi mpaka benchini, akainama, akauliza kabla ya matone yoyote, "Mama, kazi yako nini?"

"Nashona viti na narusha ndege. Weka ya karibu, kama la kwanza."

Daktari akamtazama. "Una hakika? Umezungumza na daktari wa marubani?"

"Nimezungumza naye."

Nilimwona kaka akishusha mabega. Alishusha pumzi ndefu, pumzi ya miaka, na tulipotoka akamshika mkewe kiwiko. "Nilijua mwisho utaelewa," akamwambia. Siku hiyo hiyo akawaambia vinyozi kwamba mkewe ameamua kutulia na kazi yake. Nilimsikia kupitia ukutani. Nikauma kitana.

"Kwa nini humwambii?" nikamuuliza wifi.

"Hajaniuliza," akasema.

Upasuaji wa pili ulipita kama wa kwanza, taa zile zile, mpira ule ule. Jicho likapona. Fundi miwani akamtengenezea jozi mbili, fremu nyeusi nzito, na alipozivaa mara ya kwanza barabarani alinisomea mabango yote mpaka nikamwomba anyamaze. Masharubu akaruka naye mara kadhaa, akimjaribu kutua na upepo wa kila namna. Mama wa juu ya duka la vifaa vya shule akampitisha. Mambo haya yote yalifanyika mchana kweupe, na kaka hakuuliza miwani ile ni ya nini. Alidhani ni ya televisheni.

Akaambiwa mezani, mimi nikiwepo. "Jumamosi naruka peke yangu," wifi akasema, akimpakulia. "Baada ya hapo nitaweza kubeba mtu."

Kaka aliweka kijiko chini. Alimtazama mkewe, akaitazama ile miwani, na niliona kabisa anavyorudi nyuma siku moja baada ya nyingine mpaka kwenye benchi la hospitali. Nilisubiri aseme neno samahani. Ni neno fupi, hata watoto wanaliweza. Hakulisema.

"Utakapobeba mtu," akasema, "nibebe mimi."

"Sawa," wifi akasema.

Najua wapo watakaoniambia hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, kwamba mtu mwenye hofu ile kujitolea kupanda ni jambo kubwa. Mimi ni dada yake na sijaipokea. Wifi naye hajaniambia kama ameipokea, na sijamuuliza, kwa sababu hilo ni lake.

Tulikwenda uwanjani watatu. Ilikuwa asubuhi nzuri isiyo na upepo. Wifi akaizunguka ndege, akagusa hiki, akatikisa kile, akachungulia mafuta. Kaka akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, upande wa pili wa rubani. Miguu yake ilimpeleka yenyewe, ndicho kiti alichokalia maisha yake yote. Alikuwa ameshashika kitasa.

"Hapana," wifi akasema. "Nyuma."

"Nimezoea mbele. Nyuma nitatapika."

"Huko mbele kuna pedali za breki," wifi akasema. "Kaa nyuma, baba watoto. Wifi atakaa mbele."

Masharubu aliyekuwa anashika bawa akatazama majani. Kaka alisimama pale, mkono kwenye kitasa, na akaelewa. Niliona ameelewa. Akakiachia, akainama, akajipenyeza nyuma, akafunga mkanda wake bila kusaidiwa.

Mimi nilikaa mbele nikaivuta miguu yangu chini ya kiti mpaka magoti yakauma, maana pedali zile zilinitazama. Ngozi ya kiti ilikuwa imara, mshono umenyooka. Wifi akavaa miwani yake, akasema kwa redio na mnara wa kuongoza ndege, akasukuma kijiti cha mwendo, na ndege ikaanza kukimbia juu ya lami. Ikaongeza mwendo. Hapo ndipo nilipohisi kitu kinasukuma kiti changu kutoka nyuma, kikaacha, kikasukuma tena kwa nguvu. Lilikuwa goti la kaka. Alikuwa anakanyaga, anakanyaga, na chini ya kiatu chake hakukuwa na kitu isipokuwa zulia ambalo wifi alilishona.

Nikamgeukia wifi nione kama anajua. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mbali.